Somo: Macho yanayowaka usiku na homa ya jioni kwa mafundi wa kuchomelea

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za kazi.

Wiki yangu ya kwanza nikiwa saidia fundi, kazi yangu ilikuwa kushika geti lisiyumbe wakati fundi anachomelea. Kioo cha kukinga macho hakikuwepo. Niliambiwa nigeuze uso tu. Mchana kutwa nilikuwa mzima, nikala, nikatembea hadi nyumbani. Saa saba usiku niliamka kama mtu aliyemwagiwa mchanga wa moto machoni. Mama akanikatia kiazi, jirani akaleta maziwa, na asubuhi bado sikuweza kutazama mlango uliofunguliwa.

Mwale wa kuchomelea hauumi wakati unakuunguza. Unatoa miale ya urujuanimno inayochoma ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, ukiwa umeshasahau. Moshi nao una tabia hiyohiyo. Ndiyo maana wengi wetu hatuunganishi ugonjwa wa usiku na kazi ya mchana.

Hatua ya 1: Kioo chenye namba

Miwani nyeusi ya mtaani si kioo cha kuchomelea, hata iwe nyeusi kiasi gani. Kwa kazi zetu za rodi (vijiti vya kuchomelea kwa umeme), magrili na mageti, tafuta kioo chenye namba 10 au 11. Namba huwa imeandikwa pembeni. Kiwe kwenye helmeti au ngao inayofunika uso mzima na shingo, kwa sababu ngozi nayo inaungua. Kikipata ufa, kitupe siku hiyohiyo.

Anayeshika chuma naye avae. Hili nalisema kwa uchungu. Saidia fundi yuko karibu na mwale kuliko mtu yeyote ukimwondoa fundi mwenyewe, na ndiye asiye na kitu usoni. Karakana yenye helmeti moja na watu wawili kazini imepungukiwa helmeti. Upande wa barabarani weka pazia zito lisiloshika moto au bati, maana watoto wa shule husimama kutazama cheche.

Hatua ya 2: Miwani myeupe chini ya helmeti

Ukimaliza kuchomelea unainua helmeti na kugonga gamba lililoganda juu ya kiungo. Hapo ndipo vipande vya moto hurukia jichoni. Vaa miwani myeupe ya kazi muda wote, helmeti ije juu yake.

Hatua ya 3: Diski ya grenda

Soma diski kabla ya kuifunga kwenye grenda, mashine ya kukatia na kusagia chuma. Ya inchi 4 na nusu kwa kawaida huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika. Ya inchi 9 huandikwa kama 6,650. Ukiifunga diski kubwa kwenye grenda ndogo kwa kutoa kava, umeizungusha karibu mara mbili ya uwezo wake, nayo hupasuka kuelekea tumboni au usoni. Kava isitolewe kamwe. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski nyingi kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, maana gundi yake huchoka. Diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu.

Hatua ya 4: Moshi mweupe

Bomba la maji la mabati limepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma chenyewe kinahitaji kama 1,500 ili kiyeyuke. Kwa hiyo kabla chuma hakijashikana, zinki imeshageuka moshi mweupe na iko puani mwako. Jioni unasikia ladha ya chuma mdomoni, kiu, baridi, kutetemeka, viungo vyote vinauma. Unasema malaria. Unameza dawa, kesho kutwa umepona, unaisifu dawa. Kumbe ni homa ya moshi wa metali, ambayo huisha yenyewe kwa siku moja au mbili.

Ondoa kwanza zinki kwa grenda, kama sentimita 5 kila upande wa kiungo, ukiwa umevaa barakoa. Chomelea nje, upepo ukitoka ubavuni, kichwa kisiwe juu ya moshi. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapa. Tafuta barakoa ya kuchuja chembe ndogo, iliyoandikwa N95 au FFP2. Na tusidhani ni homa tu: mwaka 2017 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.

Hatua ya 5: Umeme na mapipa

Usibadilishe rodi kwa mkono mtupu wenye jasho. Masika simama juu ya ubao mkavu. Pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli usilichomelee, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mabaki kidogo yanatosha kulilipua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, maziwa hayasafishi kifua? Sisi tunapewa pakiti moja kila siku.*

Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda mapafuni. Kunywa kama chakula. Hela hiyo ikikusanywa kwa wiki chache inanunua barakoa.

*Nitajuaje kama ni malaria au moshi?*

Usikisie, kapime. Kipimo cha kidole kinatoa jibu kwa dakika chache. Mwambie daktari kwamba mchana ulichomelea mabati, maana hataota. Kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali usiku huohuo.

*Kaka, macho yakishawaka nifanye nini? Kuna dawa ya matone ya ganzi inauzwa.*

Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, chumba chenye giza, dawa ya kawaida ya maumivu. Usisugue. Kiazi na maziwa vinaingiza uchafu kwenye kidonda. Matone ya ganzi usijitibu nayo nyumbani: yanazuia jicho kupona na yanaweza kuliharibu moja kwa moja. Macho yasipotulia ndani ya siku mbili, au kama kuna kipande kimeingia, nenda kwa daktari wa macho. Asikitoe mtu kwa njiti ya kiberiti.

*Bosi anasema kila mtu ajinunulie vifaa.*

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na karakana isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi pia anaulipa yeye, haukatwi kwenye mshahara wako. Ila najua kijana wa siku mbili kazini hawezi kwenda kumsomea bosi sheria. Nendeni mafundi wakongwe, wawili watatu, mkaanze kumwomba helmeti ya pili ya yule anayeshika geti.