Anza na saa ya wasilisho lako, tiketi baadaye

Kazi yangu ni kuratibu safari za wenzangu wanaokwenda kwenye makongamano ya kitaaluma. Anayekuja kuniuliza nauli, namwuliza kwanza: unawasilisha siku gani, saa ngapi? Ukianza kwa kusaka tiketi ya bei nafuu, unaweza kujikuta unatua asubuhi ile ile unayotakiwa jukwaani. Ndege ikichelewa kidogo tu, kazi ya miezi imekwenda bure.

Shika ratiba ya kongamano, kisha upange kwa kurudi nyuma. Fika angalau siku moja kabla. Kama unavuka kanda nyingi za saa kuelekea mashariki, ongeza siku nyingine, maana mwili huchelewa kuzoea upande huo kuliko magharibi. Gharama ya usiku huo wa ziada iingie kwenye bajeti ya mwanzo pamoja na sababu yake, isije ikazuka kwenye risiti wakati wa marejesho.

Suala la viza lianze siku ile ile unapoarifiwa kwamba mada yako imekubaliwa. Omba barua ya mwaliko hapo hapo, na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi ambao kwa kawaida huchukua siku 15 unaweza kuvutwa hadi 45. Nchi nyingi pia hutaka pasipoti iliyobakiza miezi 6. Angalia na nchi unayopitia, kwani nyingine hudai viza hata kwa abiria wa kubadilisha ndege. Palipo na sharti la chanjo ya homa ya manjano, kumbuka cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa.

Tiketi iwe moja kwa safari nzima. Ukinunua vipande viwili mbalimbali na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukutafutia nafasi nyingine.

Malazi ndiyo ninayoyatilia mkazo kuliko yote. Mara nyingi waandaaji hutengewa vyumba kwa bei ya washiriki, lakini kwa muda maalumu. Tarehe ikipita, vyumba huuzwa kwa yeyote. Jisajili na ushike chumba mapema, mradi masharti yanaruhusu kufuta bila hasara. Bora chumba cha kawaida kilicho mwendo wa dakika kumi kwa miguu kuliko cha kifahari kinachohitaji gari asubuhi na jioni. Mazungumzo yanayozaa ushirikiano huanza wakati wa chai na baada ya kikao cha mwisho, na mwenye kuwahi usafiri huondoka kabla hayajakolea. Tazama njia yenyewe kwenye ramani, kwa kuwa hoteli inayoonekana jirani huenda imetengwa na ukumbi kwa barabara kuu isiyovukika. Uliza pia kama njia hiyo ni salama usiku.

Kabla ya kulipa, andikia hoteli: mwisho wa kufuta ni lini? Mnaweza kutoa ankara kwa jina la mwajiri? Mtanitunzia mzigo nikifika kabla chumba hakijawa tayari? Na la nne, ambalo wasafiri wapya hawalijui: mtazuia kiasi gani kwenye kadi yangu kama dhamana? Kijana aliyetumwa mara ya kwanza, mwenye kadi ya salio dogo, anaweza kukwama mapokezi ingawa chumba kimeshalipiwa. Kuchangia chumba hupunguza gharama, ila liwe chaguo la mhusika. Nasimama kidete asilazimishwe mtu.

Kwenye begi la mkononi weka nguo za siku ya wasilisho, dawa, kompyuta na betri ya akiba, ambayo hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Nakala ya wasilisho iwe pia nje ya kompyuta hiyo.

Kurudi kuwe kesho yake, kwa sababu vikao vya mwisho hupitiliza muda. Andika kwenye ukurasa mmoja namba za ndege, anwani ya hoteli na simu ya waandaaji. Nakala moja mwachie mkuu wako, nyingine mtu wa nyumbani.