Kupima kama ayoni za moto hupenya karatasi ya aluminiamu

Mwaka 1892 Heinrich Hertz alionyesha kwamba miale ya kathodi hupenya karatasi nyembamba ya metali. Philipp Lenard akaitoa nje ya bomba la kioo kupitia kidirisha cha aluminiamu chenye unene wa mm 0.00265. Miale hiyo ni elektroni zenye kasi kubwa. Ayoni za mshumaa, yaani atomi na molekuli zenye chaji ya umeme zitokazo kwenye moto, ni goigoi. Je, nazo hupenya? Tutapima kwa elektroskopu, chombo chenye vipande viwili vinavyoachana kikiwa na chaji na kuanguka chaji ikitoka.

Toboa tundu la sm 2 kwenye kifuniko cha chupa ya jemu, pitisha waya wa shaba wa sm 20, ujaze tundu kwa nta. Ncha ya juu ikunje kitanzi. Ya chini ining'inize vipande viwili vya karatasi ya aluminiamu, sm 4 kwa mm 5. Simamisha juu ya kifuniko kopo la maziwa lililo wazi juu na chini, lisiguse waya. Kata dirisha la sm 3 mkabala na kitanzi, na upande wa pili toboa matundu matatu ya msumari. Unganisha kopo na bomba la chuma la maji.

Sugua bomba la PVC kwa sufu, gusa nalo kitanzi hadi vipande viachane, kisha funika kopo kwa bati. Subiri dakika tano bila moto. Vipande vikinywea, nta inavujisha umeme, jambo la kawaida pwani wakati wa masika. Ikwangue kwa wembe, usiiguse tena kwa vidole.

Sasa weka mshumaa sm 5 kutoka dirishani, upepee taratibu kuelekea ndani. Vipande huanguka upesi. Ziba dirisha kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, chaji upya, rudia: vipande vinabaki vimeachana. Utasema karatasi imezuia upepo tu, na ni hoja ya haki. Basi jaribu wavu wa waya wenye matundu madogo. Upepo unapita, ila vipande huanguka polepole zaidi, kwa sababu ayoni inayogusa metali hupoteza chaji yake hapohapo.

Kwangua rangi ya kopo pale karatasi inapokaa. Karatasi isiyogusana na kopo hukusanya chaji, na vipande hunywea kidogo kana kwamba ayoni zimepenya. Zima moto, bandua karatasi: vikipanuka tena, chaji haikutoka kamwe.

Chembe za alfa, ambazo ni ayoni za heliamu zenye kasi, hupenya kweli. Lakini hata hapo elektroskopu hudanganya: alfa huzaa ayoni mpya katika hewa iliyo nyuma ya karatasi, na hizo ndizo zinazoangusha vipande.