Kuku wako wa nyumbani anachechemea? Soma hii kabla hujashika wembe

Kama una kuku mmoja au wawili ambao hata Krismasi ikifika huna mpango wa kuwachinja, wale wenye majina kabisa na wanaingia jikoni bila hodi, basi kuna siku utamuona mmoja anachechemea na watu watakwambia si umtie sufuriani tu. Waache waseme. Mguu wa kuku mara nyingi unatibika, ila kuna kazi yako na kuna kazi ya daktari wa mifugo, na wengi wetu tunaharibu hapo katikati, yaani mtu anachukua wembe na kapsuli za tetrasaiklini za dukani anaanza upasuaji kwenye baraza.

Kwanza mshike vizuri umuangalie. Subiri jioni akishaanza kusinzia, mfunike na taulo mpaka kichwani maana akiwa gizani anatulia, muweke mapajani kwako amelala kiubavu na miguu nje. Usimning'inize kichwa chini kama wale wa sokoni, na usimbane kifua hata kidogo, ndege hapumui kama sisi, kifua chake lazima kitanuke ndo hewa iingie, ukimkaba anaweza kukufia mikononi. Vaa glovu. Mguu wenye usaha una bakteria wanaoweza kuingia kwenye kidonda chako pia, na hao watoto wanaokuzunguka wakisema nionyeshe nionyeshe waambie wakae mbali kidogo.

Sasa unatafuta nini? Anza na vidole, kimoja kimoja, hasa kama mnaishi karibu na saluni au kwa fundi cherehani. Hapa kwetu Uganda uzi na nywele za kusukia zinazagaa kila mahali, kuku akiparua zinamzunguka kidole, zinakaza taratibu mpaka zinakata nyama na wewe unadhani amejikwaa. Ukikuta uzi na bado unaonekana, loweka mguu, kata na mkasi mdogo wenye ncha butu, vuta polepole. Kidole kikishakuwa cheusi na baridi, acha hapo hapo, hicho ni cha daktari.

Angalia magamba ya mguu. Yakiwa yamenyanyuka, mguu umekuwa mnene na una kama unga mweupe, hao ni utitiri wanaoishi chini ya magamba. Hii si ya kukimbilia sindano, osha mguu kwa sabuni na mswaki laini, kausha, paka Vaseline nzito mguu mzima, rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa maana mayai yao yanaendelea kuanguliwa. Mkague na mwenzake pia, wanaambukizana. Watu wanapaka oili chafu ya gari au mafuta ya taa, tafadhali jamani, hiyo inaunguza ngozi.

Kama miguu haina kidonda chochote lakini kuku, hasa kijana wa miezi michache, amelala mguu mmoja mbele mmoja nyuma, hapo shida haiko mguuni, inaweza kuwa ugonjwa wa Marek, huo ni wa mishipa ya fahamu na haina tiba, inazuiwa kwa chanjo ya kifaranga. Na wakiwa wengi wanadhoofika kwa pamoja, shingo zinapinda, wanaharisha kijani, usibebe kuku umpeleke popote, piga simu kwa daktari wa serikali wa eneo lenu aje yeye.

Haya, geuza wayo. Hapa ndo penye shida tunayokutana nayo zaidi. Ukiona chini ya mguu pamevimba, pana joto, na katikati kuna kigaga cheusi cha mviringo, daktari atakwambia ni bumblefoot. Kuku amechubuka au amechomwa na kitu, labda msumari, labda waya, labda ameruka kutoka juu akatua vibaya, bakteria wakaingia, mara nyingi ni staphylococcus, na kwa sababu anakanyaga uchafu siku nzima hakiponi. Kuku wazito wanaumwa zaidi, kina Kuroiler na Sasso wetu, hasa hawa tunaowadekeza na posho, yaani ugali wa mahindi, asubuhi na jioni.

Ikiwa bado ni wekundu tu au mchubuko mdogo usio na uvimbe, kazi ni yako. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yajaribu na kiwiko chako kwanza, weka chumvi ya Epsom (magnesium sulphate) vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, msimamishe humo dakika kumi mpaka kumi na tano huku umemshika. Asinywe hayo maji, yatamuendesha. Ukikosa Epsom chumvi ya kupikia kidogo inatosha kusafishia. Kausha mpaka katikati ya vidole, paka iodini ile ya kahawia uliyoizimua na maji, muweke sehemu kavu peke yake. Spiriti usitie kwenye kidonda. Fanya hivo kila siku, na kama baada ya siku tatu nne wekundu unaongezeka badala ya kushuka, pameanza kuvimba au kigaga kimetokea, acha kujipa moyo, tafuta daktari.

Manake hapa lazima uelewe kitu kimoja kuhusu usaha wa kuku. Wa kwako ukiufinya unatoka majimaji, wa kuku hautoki, chembe zake nyeupe za damu hazina kile kimeng'enya kinachoyeyusha, kwa hiyo usaha unakauka ndani unakuwa mgumu kama kiini cha yai la kuchemsha. Ukifinya unausukuma ndani zaidi, kwenye kano na mifupa, na ukishafika kwenye mfupa hata daktari mzuri atatikisa kichwa. Video za watu wa Marekani wanakata mguu wa kuku mezani kwao zimejaa, mtu anaona kumbe rahisi. Si rahisi. Mguu wa kuku una mishipa ya damu na kano zimebanana kwenye sehemu ndogo sana, na kuku anaumia kama kiumbe chochote, tofauti ni kwamba yeye ananyamaza. Ganzi nayo si ya kubahatisha, mwili wake mdogo, ikizidi kidogo tu inamuua.

Daktari unampata wapi? Ukiwa Kampala, chuo cha mifugo cha Makerere wana kliniki ya wanyama wadogo, piga kwanza uulize kama wanapokea kuku siku hiyo. Ukiwa Busia, Arua, Kasese au kijijini kabisa, anza na ofisi ya subcounty, uliza afisa wa mifugo, wengi wanatembea na pikipiki na watakuja ukilipa mafuta. Kwenye maduka ya dawa za mifugo kama yale ya Container Village, Kampala, kuna watu wanajua kazi na kuna wauzaji tu, na muuzaji hatakuuliza kitu, atakupa unga wa kutia kwenye maji basi. Hapo usione aibu kuuliza mtu kama amesajiliwa na Uganda Veterinary Board. Ni swali la kawaida na daktari wa kweli hakasiriki.

Ukimpigia mwambie mapema kabisa kwamba huyu kuku si wa nyama. Madaktari wetu wamezoea mtu mwenye kuku mia tano, kwa huyo kuku mmoja mgonjwa ushauri wa haraka ni kumtoa, kwa hiyo usipoeleza atakujibu hivo hivo na wala si ubaya wake. Sema "dokta, huyu ni wa kukaa naye, nataka atibiwe, niambie gharama kabla hatujaanza". Gharama inaweza kupita bei ya kuku mwenyewe mara kadhaa, kama hilo linakuumiza amua kabla hajapanda pikipiki. Mtumie picha kwenye WhatsApp, moja ya wayo, moja ya miguu yote miwili kwa pamoja ili aone tofauti. Mwambie uzito kama umeupima, anataga au hatagi, mayai mnakula au hamli, na dawa zote ulizokwisha mpa, hata ile kapsuli, usifiche.

Akija atapapasa kuona uvimbe umefika wapi. Akiona inafaa atampa dawa ya maumivu na ganzi, atafungua, atatoa lile donge, ataosha na kufunga bendeji. Vidonda vidogo vingine hataki hata kuvikata, atakwambia uendelee kuloweka na kufunga. Kuhusu antibiotiki, akikuandikia maliza siku zote hata kama kuku ameanza kukimbia siku ya pili, na asipokuandikia usimlazimishe. Na muulize waziwazi mayai yasiliwe mpaka siku ngapi baada ya dozi ya mwisho, usikubali jibu la "kidogo kidogo tu", kila dawa ina siku zake na nyingine hazitakiwi kabisa kwa kuku anayetaga. Hayo mayai usile, usiuze, usimpe jirani.

Bendeji ndo itakuchosha. Unabadilisha kila siku au siku mbili kama alivyosema daktari, na siku ikilowa unabadilisha hapo hapo, haijalishi umebadilisha asubuhi. Pitisha katikati ya vidole kisha panda juu kidogo ya kifundo, isikaze: gusa vidole baada ya saa moja, vikiwa baridi au vimevimba fungua upya. Mlaze ndani ya boksi au kizimba kidogo chenye nguo safi, maji na chakula karibu, asiwe na kitu cha kurukia. Donge kubwa linachukua wiki nyingi kupona, si siku.

Wakati huo nenda kwenye banda, maana bila hilo atarudi na mguu ule ule au wa pili. Maganda ya kahawa tunayotandika ni mazuri yakiwa makavu, lakini msimu wa mvua yakishalowa na kushikana na kinyesi yanakuwa ndo chanzo chenyewe, yatoe yote, usimwage mapya juu ya mabichi. Fito za kulalia zishushe, kuku mzito nusu mita inamtosha, chagua mti mpana wa kama sentimita tano, laini, usio na vinundu wala msumari uliochungulia. Kama sakafu ni waya tandika kitu juu. Punguza posho na mabaki ya chapati, ongeza dodo (mchicha), sukuma, papai, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, vitamini A ikipungua ngozi ya wayo inakuwa dhaifu.

Kumrudisha kwa wenzake usimtupe tu mchana, na usimrudishe akiwa bado na bendeji maana wataidonoa mpaka itoke. Ngozi ikishafunga na anakanyaga sawasawa, muingize usiku wakiwa wamelala, asubuhi uwe karibu uone kama wanampiga. Alafu kila wiki geuza nyayo zote mbili uangalie, ule mguu mzima ndo uliokuwa unabeba uzito wote siku zile, kwa hiyo huo uangalie zaidi.