SUV ya porini au pikapu? Anza na mzigo wako

Kabla hujaangalia rangi wala rimu jiulize wiki nzima unabeba nini. Kama ni simenti, mbao, pikipiki, chukua pikapu usisumbuke, Hilux ya milango minne inabeba kama tani moja na ukimaliza unaosha bodi kwa mpira wa maji basi. Ila springi zake za nyuma ni zile za vyuma bapa vilivyopangana, zimetengenezwa kwa mzigo, ikiwa tupu inarukaruka kwenye rafu rodi na kwenye matope mkia unateleza maana huko nyuma hakuna uzito.

Jeep Wrangler, ambayo ni SUV ya porini, ina springi za koili, zile za kujizungusha, mbele na nyuma, na ile ya milango miwili kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni kama mita 2.46 tu, Hilux 3.085, ndo maana kwenye tuta kali Jeep inapita pikapu inakwaa tumbo.

Vyovyote vile hakikisha ina fowili, yaani tairi zote nne zinavuta, yenye gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu, na loki ya difu ya nyuma inayofanya tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja hata moja ikiteleza, halafu ingia uvunguni na tochi, chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ikiwa na kutu achana nayo. Na kama una watoto kaa kiti cha nyuma mwenyewe kabla hujalipa, pikapu nyingi mgongo wa kiti hicho umesimama wima mno.