Somo: Kutumia bunduki ya silikoni na gundi ya ujenzi bila kuchafua wala kupoteza

Gundi nyingi hupotea kabla hata haijafika kwenye ufa, kwa sababu fundi ameukata mdomo wa tyubu kwa haraka na kuuacha mpana mno. Tyubu ya kawaida hubeba takriban mililita 300. Mstari wa gundi ulio mviringo kama kamba, wenye kipenyo cha milimita 5, utakufikisha karibu mita 15. Upanue hadi milimita 10, nawe hutafika mita 4, kwa kuwa kipenyo kikiongezeka mara 2, gundi huongezeka mara 4.

Hatua ya kwanza ni kukwangua silikoni ya zamani yote, kwani mpya haishiki vizuri juu yake, kisha kusafisha na kukausha ufa. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili.

Hatua ya pili ni kukata mdomo, na hapa naomba usiharakishe. Kata karibu kabisa na ncha, kwa mshazari wa nyuzi 45, tundu likiwa dogo kuliko ufa. Tundu dogo waweza kulipanua, kubwa hulirudishi. Tyubu nyingi zina utando chini ya mdomo huo: utoboe vizuri kwa msumari mrefu, kwa maana tundu finyu kwenye utando hulazimisha mkono kukaza triga hadi gundi ipenye nyuma ya tyubu na kuchafua bunduki yote.

Hatua ya tatu, jaribu kwanza juu ya kipande cha boksi, kisha paka kwa mwendo mmoja usiokatika. Unapokaribia mwisho, bonyeza kile kibati kidogo kilicho nyuma ya mpini na uivute fimbo nyuma. Kuachia triga peke yake hakutoshi katika bunduki nyingi, kwa sababu msukumo uliobaki ndani huendelea kuitoa gundi, nayo hudondoka sakafuni.

Lainisha mara moja tu, na ubandue utepe papo hapo, kabla silikoni haijaota ngozi. Ikigusa mahali pasipotakiwa, ifute kwa karatasi kavu. Kitambaa chenye maji huitandaza tu.

Kwa gundi ya ujenzi, paka mistari ya wima nyuma ya ubao, ukiacha sentimita 3 hadi 5 kutoka ukingoni ili ikikandamizwa isifurike nje, na acha nafasi kati ya mistari ili hewa ipite. Shikilia ubao kwa utepe au mbao za kuegemeza hadi gundi ikaze kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Vaa glavu, maana ikikauka kwenye ngozi huondoka kwa taabu.

Maswali ya wanachama

Swali: Bunduki yangu inatoa silikoni bila shida, ila kwa gundi ya ujenzi mkono unachoka. Je, ni mbovu?
Jibu: La, ndugu yangu. Gundi ya ujenzi ni nzito zaidi. Tafuta bunduki yenye nguvu kubwa ya kusukuma; iliyoandikwa 18:1 (yaani huzidisha nguvu ya mkono takriban mara 18) au zaidi itakupunguzia kazi kuliko ya 10:1. Tyubu ikiwa ya baridi sana, iache kwanza mahali penye joto la kawaida.

Swali: Tyubu iliyobaki nusu naihifadhije?
Jibu: Toa gundi kidogo ibaki imechomoza mdomoni, kisha funga kwa utepe. Itakauka na kuwa kizibo, ambacho utakivuta siku nyingine kwa koleo. Hata hivyo haidumu muda mrefu, hivyo panga kazi ndogo zifuatane.

Swali: Nataka kupaka rangi juu ya silikoni.
Jibu: Rangi haishiki juu ya silikoni ya kawaida. Ufa utakaopakwa rangi uzibe kwa gundi ya kuzibia ya akriliki.

Swali: Je, naweza kubandika kioo cha kujitazamia kwa silikoni yoyote?
Jibu: Hapana. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula madini yaliyopakwa nyuma ya kioo hadi kitoke madoa meusi. Chagua iliyoandikwa kuwa inafaa kwa vioo vya kujitazamia.