Kumlisha Sungura Mzee Anayechagua Chakula: Mwongozo kwa Wanaofuga Nyumbani Uganda

Sungura wengi nchini Uganda hufugwa kwa ajili ya nyama na huchinjwa wakiwa na umri wa miezi michache, kwa hiyo ushauri mwingi unaotolewa madukani hulenga kumnenepesha mnyama upesi. Sungura anayeishi nyumbani kama mmoja wa familia ana mahitaji tofauti, kwani anaweza kufikisha miaka 8 hadi 12, na kuanzia mwaka wa 5 au wa 6 mwili wake huanza kudai uangalizi wa mzee. Mwongozo huu unamhusu huyo, hasa anapoanza kuzikataa nyasi na kungojea vidonge (chakula cha sungura cha dukani kilichosagwa na kushindiliwa) au karoti tu.

Kanuni moja itangulie hatua zote: usimnyime chakula kwa matumaini kwamba njaa itamlazimisha kula asichokitaka. Utumbo wa sungura huendeshwa na nyuzinyuzi zinazoingia mchana na usiku. Ukikaa mtupu, mwendo wake hufifia, gesi hujaa, tumbo huuma, na maumivu hayo humfanya akatae chakula zaidi. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula chochote ni mgonjwa wa dharura, hata kama bado anarukaruka.

Hatua ya 1: Tafuta maumivu kabla ya kulaumu tabia

Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na kinachoyapunguza ni kusaga nyasi. Kwa mzee, magego yanayosagika vibaya huota ncha kali zinazochubua ulimi na mashavu. Mnyama wa namna hiyo hukijia chakula kwa hamu, hukinusa, hukiokota kisha hukidondosha. Huacha nyasi lakini hula vidonge, kwa sababu vidonge havihitaji kusagwa sana. Kidevu chenye mate, uzito unaopungua na vinyesi vinavyozidi kuwa vidogo ni ishara nyingine. Wazee wengine hawana tatizo la meno bali viungo vinawauma, kiasi kwamba hawawezi kuinua shingo hadi kwenye kihori kilichowekwa juu.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo na uombe magego yakaguliwe, si meno ya mbele pekee. Madaktari wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo uliza mapema kama amewahi kutibu sungura. Aliye karibu na Kampala anaweza kuanza kuulizia Chuo Kikuu cha Makerere, ambako udaktari wa mifugo hufundishwa. Akiandikiwa dawa, kumbuka kwamba amoksilini na penisilini za kunywa huua bakteria wanaosaidia mmeng'enyo na zinaweza kumuua sungura mwenyewe.

Hatua ya 2: Mpime

Mizani ya jikoni na daftari vinatosha. Mpime mara moja kwa wiki, saa ileile, kwa sababu manyoya huficha wembamba.

Hatua ya 3: Rudisha nyasi mahali pake

Nyasi ziwe sehemu kubwa kabisa ya anachokula, na zisikosekane wakati wowote. Miongozo ya Ulaya na Marekani husifu nyasi za timothi, lakini si lazima kuzitafuta, kwani nyasi za Rhodes, ambazo hulimwa Afrika Mashariki kwa ajili ya mifugo, zinafanya kazi hiyo vizuri. Mabingobingo yanafaa pia yakikatwa yakiwa machanga, maana yakikomaa mashina yake huwa magumu mno kwa magego yaliyochoka.

Ukikausha mwenyewe, tumia miezi ya kiangazi, yaani Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari. Kata kabla nyasi hazijatoa mbegu, mbali na barabara na mahali panapopita mbwa, kisha zitandaze kivulini penye upepo na kuzigeuza kila siku hadi zikauke zikiwa bado na rangi ya kijani na harufu nzuri. Zenye ukungu au vumbi zitupe bila kuzionea huruma. Mzee anayekataa nyasi mara nyingi anakataa nyasi mbovu, naye yuko sahihi.

Kwa anayechagua, changanya ndani yake majani machache ya dania au kishonanguo yaliyokaushwa, na uweke fungu jipya asubuhi na jioni. Ziweke chini, kando ya mahali anapojisaidia, kwa sababu sungura hupenda kula akiwa hapo.

Hatua ya 4: Punguza vidonge polepole

Kipimo cha kawaida ni kama gramu 25 za vidonge kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ikiwa amezoea bakuli lililojaa, punguza kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne, ukiendelea kumpima. Aliyekonda asipunguziwe bila ushauri wa daktari. Chakula cha kuku, pumba za mahindi, posho na mkate visiwe badala yake, kwani wanga mwingi huvuruga utumbo, na baadhi ya vyakula vya kuku vina dawa zilizo hatari kwa sungura.

Hatua ya 5: Ongeza majani mabichi, moja kwa wakati

Anza na kiganja kidogo cha jani moja, subiri siku moja, kagua kinyesi, ndipo uongeze jingine. Kishonanguo kibichi, dania, majani ya karoti na majani ya viazi vitamu kwa kiasi huwapendeza wengi. Mchicha, yaani doodo wa masoko ya Kampala, na sukuma wiki vitolewe mara chache: sungura hufyonza karibu kalsiamu yote ya chakula na kuitoa kwa mkojo, hivyo kwa mzee mkojo unaweza kuwa mzito kama uji. Ndizi mbivu na karoti ni vitamutamu tu, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Usimpe kamwe parachichi wala majani yake, majani ya viazi mviringo, ya nyanya au ya muhogo, wala kichaka cha lantana kinachopandwa kuwa uzio.

Hatua ya 6: Maji

Tumia bakuli zito, pana, lililo chini. Wengi hunywa zaidi hivyo kuliko kwenye chupa ya kuning'iniza. Majani mabichi yaoshwe na yapewe yakiwa na maji maji.

Akikataa kila kitu

Gusa tumbo kwanza. Likiwa gumu na limejaa kama ngoma, usimlishe kwa nguvu, bali mkimbize kwa daktari. Likiwa laini, na daktari amekubali, loweka vidonge katika maji ya uvuguvugu hadi viwe uji, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano kupitia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ukimpa muda wa kutafuna na kumeza kabla ya kuongeza.