Somo: Consolidate ni kuunganisha au kuimarisha?

Kitenzi hiki kinasumbua kwa sababu kamusi inakupa maana zote mbili, halafu inakuacha njia panda. Mzizi wake ni wa Kilatini, solidus: kitu kigumu, kilichoshikana.

Hatua ya 1: Tamka kon-SO-li-deit. Mkazo uko silabi ya pili. Ulimi wetu uliozoea mkazo wa karibu na mwisho hupenda kuangukia "li".

Hatua ya 2, na hili ndilo somo lenyewe: usikimbilie kitenzi, tazama kinachokifuata. Vikiwa vitu vingi vilivyotawanyika, ni kuunganisha.

She consolidated her three loans into one.
Aliunganisha mikopo yake mitatu ikawa mmoja.

Wanaoagiza mzigo Guangzhou wanalijua hili bila darasa: bidhaa za watu kumi zikipakiwa kontena moja, wakala anaita consolidation.

Kikiwa kitu kimoja ambacho mtu tayari anacho, kama cheo, amani au ujuzi, ni kuimarisha.

Revise tonight to consolidate what you learned.
Durusu leo usiku ili ulichojifunza kikukae.

Sikuandika "kuimarisha ulichojifunza". Hakuna anayeongea hivyo.

MASWALI

— Mwalimu, consolidate power je? Naona kama yote mawili yamo.

Yamo kweli. Mtawala anakusanya mamlaka yaliyokuwa kwa wengine, na kwa hilo anakuwa mgumu kung'oka. Mwandishi akiwa anamlaumu, mimi hutafsiri "kujichimbia madarakani", asipomlaumu, "kujiimarisha".

— Na Consolidated Fund ya kwenye Katiba?

Katiba ya Tanzania, Ibara ya 135, inasema Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Neno kuunganisha halimo, wazo limo: fedha za Serikali zinaingia mfuko mmoja, isipokuwa zilizotengwa kisheria.

— Naweza kusema I consolidated milk and sugar?

Hapana, mkuu. Hiyo ni mix.

— Shikamoo mwalimu. Majibu ya eksirei ya kifua ya baba yameandikwa consolidation. Mapafu yameimarika?

Marahaba. Hapana, usifurahi bado. Hapa rudi kwenye mzizi: sehemu ya pafu iliyotakiwa kuwa na hewa imejaa majimaji au usaha, ikashikana. Mara nyingi ni nimonia, ila ziko sababu nyingine. Mpeleke baba na karatasi hiyo kwa daktari leo, usisubiri somo lijalo.